Anacheza Peke Yake, Lakini Hajakuacha

Kama ilivyo kawaida ya ukurasa huu, leo nakuja na swali. Mwenzako akikwambia Jumamosi usiku, "Naomba saa mbili niwe peke yangu," kisha akarudishia mlango, wewe utawaza nini?

Najua. Wengi wetu tutawaza simu. Shosti yako atakushauri uvue viatu ukasogeze sikio mlangoni. Sasa basi, ukisogeza sikio kwenye mlango wa nyumbani kwangu utasikia dadu zikigonga meza, halafu sauti ya mtu mzima mwenye mke na mtoto ikisema taratibu, "Haya, sasa zamu yako." Na humo ndani hakuna mtu mwingine.

Ndiyo, mume wangu ni mhasibu wa tai na mkoba, na hobi yake ni kupigana vita vya baharini juu ya meza, kwa meli ndogo ndogo za mfano, bila mpinzani. Mama mkwe alipokuja kututembelea alinivuta jikoni akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu mwenzio hajambo kweli? Mbona anaongea na meza?" Nikacheka, nikamwambia hajambo kabisa, mama. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, kwa sababu nyuma yake kuna swali kubwa zaidi ambalo wanandoa wengi wanalo: mtu anayependa kukaa peke yake, je, bado yuko na mimi?

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Unatandika kitambaa cha bluu, hiyo ndiyo bahari. Meli zinatengenezwa kwa vipimo, na kipimo kimoja kinachopendwa ni 1 kwa 1,200, yaani manowari ya mita 115 inakuwa na urefu usiofika sentimita 10. Wengine wanatumia 1 kwa 2,400, hapo meli hiyo hiyo inabaki karibu sentimita 5, kama kidole kidogo. Kila zamu ni dakika kadhaa za vita. Unasogeza meli kwa rula kulingana na mwendo wake, unapima umbali, unarusha dadu kuona kama kombora limepiga au limeangukia majini, unaandika uharibifu kwenye karatasi. Wapo wanaonunua meli za chuma na kuzipaka rangi kwa brashi nyembamba kama ya wanja, lakini mtu anaweza kuanza na kadi ngumu, mkasi na dadu mbili za ludo.

Usidhani ni jambo lililoanza jana. Fred T. Jane, Mwingereza ambaye jina lake lipo mpaka leo kwenye vitabu maarufu vya manowari za dunia, alitoa mchezo wake wa vita vya majini mwaka 1898. Na wewe dada unayesema hayo ni mambo ya wanaume, hebu subiri kidogo. Mwaka 1942, wakati nyambizi za Ujerumani zikizamisha meli za mizigo katika bahari ya Atlantiki, jeshi la majini la Uingereza lilifungua kitengo mjini Liverpool chini ya Kapteni Gilbert Roberts. Sakafu ya chumba iligeuzwa bahari, wakaweka meli za mfano na kuchora njia zake kwa chaki. Walioendesha kazi hiyo wengi wao walikuwa wasichana wa jeshi la majini, baadhi hata miaka 20 walikuwa hawajaivuka sana. Makapteni waliotoka baharini na ndevu zao walikuja kufundishwa pale sakafuni namna ya kuzikabili nyambizi. Mbinu zilizopatikana kwenye mchezo zikaenda kutumika vitani kweli. Kwa hiyo shosti, ukimwona mtu anasogeza vijimeli, usiharakishe kusema ni utoto.

Turudi nyumbani. Kinachonivutia mimi si mizinga, ni hilo la kucheza peke yako. Drafti lazima uwe na mwenzako, bao vile vile. Huyu anachezaje mwenyewe bila kujipendelea? Maana yeye ndiye anayejua kila meli iko wapi na kila upande umepanga nini. Akitaka kushinda, anashinda, na hakuna wa kumshuhudia.

Nilimuuliza siku moja, akanieleza kwa subira kama anayemfundisha mtoto. Kuna njia kadhaa. Upande mmoja unakuwa wako, ule wa pili unauandikia mipango mitatu au minne inayoingia akilini: kushambulia, kukimbia, kujificha, kusubiri giza. Kisha dadu ndiyo inachagua. Au unaweka kadi zilizofunikwa juu ya bahari, nyingine zina meli na nyingine ni tupu, na wewe mwenyewe hujui ipi ni ipi mpaka uikaribie. Lakini kabla ya yote, akasema, lazima uhame kiti. Unazunguka meza, unakaa upande wa adui, unajiuliza maswali matatu: kutoka hapa anaona nini? Anaogopa nini? Na kwa alichonacho, lipi ni la busara kwake? Ukiuandikia upande ule mipango ya kijinga ili ushinde, umepoteza usiku wako.

Pambano analolipenda kuliko yote lilitokea hapa hapa kwetu, Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa wametawala maji yale tangu vita ya 1914 ianze. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilijengwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, ikapelekwa kwa reli hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili za injini zenye urefu wa mita 12 tu, zikiitwa Mimi na Toutou. Zilipita Cape Town, zikapanda treni, zikakokotwa na ng'ombe na mashine za mvuke porini Kongo, mpaka ziwani. Kwenye meza ya mume wangu kila moja ina urefu wa sentimita 1. Ukipiga chafya umeshinda vita.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilikuja kuchungulia upande wa Kongo. Mzinga wake ulikuwa mbele, boti zikaitokea nyuma. Ndani ya dakika chache nahodha wake amekufa na meli imetekwa. Sasa sikiliza sehemu inayouma. Kule Kigoma hawakujua imepatwa na nini. Mwezi Februari 1916 wakaituma Hedwig von Wissmann kwenda kuangalia, nayo tarehe 9 ikazamishwa. Meli ya pili ilipotea kwa sababu hawakujua kilichoko upande wa pili.

Hapo ndipo nikaweka kikombe changu cha chai chini. Maana hivyo ndivyo tunavyogombana majumbani, msomaji wangu. Hatujui mwenzetu anaona nini kutoka alipokaa, kwa hiyo tunatuma meli ya kwanza inazama, tunatuma ya pili kwa njia ile ile.

Mwaka 2024 mume wangu alihamishiwa Dodoma kikazi. Mimi kazi yangu iko Dar, na binti yetu alikuwa darasa la tatu. Wiki tatu tulizungumza jambo moja kwa maneno yale yale. Yeye anasema ni miaka michache tu, mimi nasema miaka michache ndiyo inayovunja nyumba za watu. Chakula kinapoa, kila mmoja anageukia ukuta wake.

Usiku mmoja akachukua karatasi ya kwenye boksi lake la meli, akaniambia, "Mke wangu, leo mimi nacheza upande wako." Akaandika kimya kimya, kisha akanisogezea. Mstari wa kwanza ulisomeka: anaogopa kwamba nikienda nitazoea kuishi bila yeye. Jamani. Hilo neno sikuwahi kulitamka, hata kwa mama yangu mzazi. Nikachukua kalamu na mimi, nikahamia kiti chake, nikaandika: anaogopa kwamba akikataa kazini watamwona hafai, na akikubali nyumbani watamwona hajali. Akaisoma mara mbili. Hakusema kitu, ila macho yalibadilika.

Sitakudanganya kwamba tulimaliza kila kitu usiku ule. Alikwenda, mimi na binti tukabaki. Uamuzi haukumfurahisha yeyote kati yetu, ila kila mmoja alijua mwenzake amebeba nini. Treni ya umeme ilianza safari za Dodoma mwaka huo huo, kwa hiyo Ijumaa nyingi anarudi, na Jumapili anaondoka na nguo zilizopigwa pasi.

Nyie mlio na wenza mikoani mnaelewa ninachosema. Mchana kuna kazi, shida ni jioni. Chumba cha kupanga, kiti kimoja, saa moja usiku, na mji mzima unakuita. Mtu asiyejua kukaa peke yake atatafuta wa kukaa naye, na mara nyingi anampata. Yule wangu ana boksi la viatu lenye pamba, na ndani yake meli zimelala. Saa tatu ananipigia. Namuuliza, "Nani kashinda leo?" Ananijibu, "Ukungu. Hakuna aliyemwona mwenzake." Halafu ananisimulia, na mimi namsimulia ya kwetu. Zamani nilidhani mtu anayejitosheleza hanihitaji. Siku hizi naona anayeweza kukaa na nafsi yake saa mbili huwa na kitu cha kuniletea akitoka.

Na kuna jambo la dadu. Ukicheza peke yako, dadu ikikukatalia, unaweza kuirusha tena na dunia isijue. Mume wangu hairushi tena. Nimemwona akipoteza meli aliyoipaka rangi mwezi mzima, akaguna, akaitoa mezani. Mwanamume anayekubali kushindwa kwa haki mahali asipoonekana na mtu, mimi namwamini hata akiwa kilomita mia nne kutoka nilipo.

Lakini nisije nikaonekana nawatetea wote wanaojifungia. Kuna mtu anayepumzika na kuna mtu anayejificha, na tofauti yao ni rahisi kuiona. Anayepumzika anakwambia ataanza saa ngapi na atamaliza saa ngapi, na anamaliza. Akitoka ana hadithi, ana usikivu, anauliza mtoto amelala? Pesa ya hobi yake inajulikana na haiigusi ada wala kodi ya nyumba. Anayejificha hana mwisho, hana hesabu, na ukimgusa anawaka. Huyo tatizo lake si meli, na wala si kompyuta au mpira. Huyo kuna jambo mnatakiwa kulizungumza.

Kama mwenzako ana hobi ya namna hii, mimi ningekushauri hivi. Mkubaliane muda, na wewe uwe na wako unaolingana na wake; haiwezekani yeye apumzike na wewe uoshe vyombo. Mpe pahali pake, hata kama ni nusu ya meza ya chakula, na asiwe na ruhusa ya kuacha bahari imetandikwa mpaka asubuhi ya chai. Mara moja moja muulize kilichotokea. Si lazima ujue majina ya mizinga, uliza tu nani alikuwa hatarini. Na siku mkiwa na ugomvi usioisha, msirushiane maneno. Chukueni karatasi mbili, hameni viti, kila mmoja aandike upande wa mwenzake kwa haki, kama anavyoona, anavyoogopa, na lililo la busara kwake. Halafu mbadilishane.

Ile Graf von Götzen, kama ulikuwa unajiuliza, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 isiangukie mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mashine zake grisi nzito, zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina ambalo watu wa Kigoma na Kasanga wanalijua kama la ndugu yao, kwa miongo mingi iliyowabeba.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, mkiwa mbali, au mkiwa nyumba moja lakini kila mtu na mlango wake, hakikisheni kuna grisi. Simu ya saa tatu ni grisi, na swali la "nani kashinda leo" pia ni grisi.

Wewe mwenzako ana hobi gani, na unajua akiwa nayo anawaza nini? Muulize wikiendi hii kabla hujaniandikia. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.