Nilidhani Nauza Shamba, Kumbe Nauza Udongo!

Kiganja cha mkono wangu wa kulia kina malengelenge manne na mfukoni sina kitu. Yote mawili yameletwa na shimo. Ndiyo, shimo. Tulia nikupe stori.

Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu kutoka Litumbandyosi, kule Mbinga. Wewe uliyezaliwa Sinza usijing'ate ulimi, jina linatamkika vizuri tu. Huko ndiko kilikozikwa kitovu changu, ingawa kijiweni nikiulizwa kwetu huwa najibu Songea. Songea angalau watu wanaijua. Nani anataka kuitwa mshamba mbele ya masista du?

"Mwanangu," akasema, "lile shamba la bondeni la marehemu babu yako limepata mteja. Milioni mbili taslimu. Njoo uweke sahihi, nusu ni yako."

Milioni moja! Usiku ule sikulala. Nilishaanza kujenga saluni ya kiume kichwani: vioo vitatu, mashine mbili za kunyolea, redio kubwa, na kiti kile kinachozunguka. Kalamu hii unayoisoma kila wiki ni tamu, lakini hailipi kodi ya chumba. Na shamba lenyewe sikulilima hata siku moja tangu nimalize fomu foo. La nini?

Basi bwana, nikavaa raba zangu nyeupe, nikaondoka. Songea nikapanda basi la kwenda Mbinga, nikashuka Kitai, nikadandia pikipiki. Ilikuwa Septemba, vumbi la kufa mtu. Kila lori la makaa ya mawe lililotupita lilituachia poda ya bure. Nilipofika kwa bibi, raba zilikuwa nyekundu na nyusi pia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekuja kuniona, au umekuja kuuza?"

Mpigo wa kwanza huo, bado sijatua begi.

Asubuhi mteja akaja. Jamaa kavaa safi, lugha tamu, noti ameziweka kwenye bahasha ya kaki. Tukashuka naye bondeni. Sasa sikiliza jambo lililomshtua bibi. Jamaa hakuuliza shamba linatoa magunia mangapi. Hakuuliza hata mpaka uko wapi. Alikuwa na nondo mkononi, akawa anaichoma ardhini hapa na pale na kutazama imezama kiasi gani. Kila ilipozama, alitabasamu.

Bibi akamwuliza taratibu, "Baba, utapanda nini?"

"Sipandi, mama. Nafyatua matofali."

Hapo ndipo bibi aliponivuta pembeni. "Mume wangu, ng'ombe huuzi kabla hujamtazama meno. Huyu mwenzio ameshayatazama. Wewe bado. Chukua jembe na koleo, uchimbe."

Nikachimba. Baba mdogo akanuna chini ya mwembe na mteja akaaga, akasema atarudi keshokutwa. Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu ubwana shamba, akaja kuangalia kijana wa mjini anavyotoa jasho. Yule mzee ndiye aliyenisomea lile shimo. Nasema kusoma kwa sababu ukuta wa shimo una mistari kama daftari.

Shibiri moja na nusu za juu ulikuwa udongo mweusi, laini, umejaa vijizizi na nyungunyungu. Weusi ule ni mboji, yaani majani na mizizi iliyooza. Chini yake ukaja udongo wa kahawia, nao ulishuka hadi usawa wa kiuno changu bila kukutana na jiwe hata moja. Mzee akachukua konzi, akaufinya, ukawa donge. Akaligusa donge kwa kidole gumba, likavunjika.

"Huu ndio tifutifu," akasema. "Ungekuwa kichanga, usingeshikana. Ungekuwa mfinyanzi, ungeuviringisha kama kamba."

Tifutifu, msomaji wangu, ni mchanganyiko kama pilau. Ule uliokaa sawasawa una mchanga kama asilimia 40, tope laini kama 40 nyingine, na mfinyanzi kama 20. Mchanga unafungua njia ili maji na hewa vipite. Mfinyanzi unashika maji na chakula cha mmea visikimbie. Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kiasi kwamba ukipanga 500 mstari mmoja, mstari wote hauzidi milimita moja. Tope laini liko katikati, si mkubwa si mdogo, nalo ndilo zawadi ya mto.

Ukitaka kujaribu hata uani kwako, chukua chupa tupu ya maji ya kunywa. Weka udongo hadi theluthi, jaza maji, tia sabuni ya unga kidogo sana, tikisa kwa nguvu, halafu iache itulie. Mchanga utazama ndani ya dakika moja hivi. Tope laini litachukua saa kadhaa. Mfinyanzi unaweza ukalala nao usiku mzima, na asubuhi maji bado yamechafuka.

Mto nao hufanya vilevile. Wakati wa mafuriko maji yakitoka kwenye mkondo yanapoteza mwendo. Mzigo mzito, yaani mchanga, unaangushwa kwanza karibu na ukingo. Tope laini linasafiri mbele kidogo. Mfinyanzi unakwenda kutulia mbali, kule maji yanakosimama. Ndiyo maana shamba moja la bondeni linaweza kuwa na udongo wa aina tatu, na anayenunua kwa kutazama juu juu anaingia mkenge.

Turudi shimoni. Chini ya ule udongo wa kahawia nikakuta mstari wa mchanga mweupe, unene wa vidole vinne, safi kama wa kujengea. Chini ya mchanga, mstari mwembamba mweusi wenye vipande vya mkaa.

Mzee akanyamaza. Akamwita bibi.

Bibi akainama, akatazama, akasema, "Ni mwaka ule mto ulipoingia hadi jikoni. Mama mkwe alikuwa ametoka kuchoma shamba. Mahindi hatukuyaona tena."

Nilipata baridi, wajameni. Kumbe shamba la mama mkwe wa bibi lilikuwa pale chini, limefunikwa na mafuriko ya siku moja, na udongo wote wa juu yake uliletwa baadaye, msimu baada ya msimu, kidogo kidogo.

Nikaendelea kuchimba hadi kifuani. Huko udongo ulikuwa na madoa mekundu kama kutu, halafu ukageuka kijivu, na maji yakaanza kuchuruzika. Mzee akasema kutu ile ni kutu kweli. Udongo una chuma ndani yake. Hewa ikiingia, chuma kinakuwa chekundu. Maji yakijaa muda mrefu na hewa ikakosekana, rangi inakuwa kijivu. Kwa hiyo pale madoa yanapoanzia ndipo maji ya chini hupanda msimu wa mvua. Ukiona kijivu karibu na juu, usipande mti wa matunda, utaoza mizizi. Kwetu kijivu kilikuwa chini kabisa, na mahindi yana uwezo wa kushusha mizizi zaidi ya mita moja. Ndiyo maana mwezi Septemba, mlima wote umekauka, lakini bondeni ukifukua shibiri mbili bado unaukuta ubichi.

Udongo huu ulitoka wapi? Mlimani, wapi tena! Bibi alizaliwa juu, Umatengo. Huko wazee walishagundua kwamba mteremko unakimbiza udongo, wakabuni ngoro. Wanaume wanafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika majani kwa udongo. Mlima unabaki na vishimo mfano wa sega la nyuki. Mvua ikinyesha, maji yanatuama vishimoni na udongo unabaki hapo hapo. Maharage yanapandwa kwenye matuta, baadaye mahindi. Kilimo hicho kina umri wa zaidi ya miaka 100, na miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja na wenzao wa Japani kujifunza. Sisi vijana tunaona aibu, Wajapani wanapanda ndege kuja kutazama!

Lakini si kila punje inanaswa. Inayoponyoka inashuka na vijito, na sehemu yake inatua kwetu bondeni. Nyingine inaingia Ruhuhu, na Ruhuhu inaimwaga Ziwa Nyasa.

Mzee wetu alifanya kazi Rufiji ujana wake. Anasema kule watu walizoea kusubiri mafuriko yapungue, kisha wanapanda kwenye ubichi ule ule, wanaita mlao. Wenzetu wa Iringa na Njombe wana vinyungu vyao mabondeni. Misri nayo iliishi hivyo maelfu ya miaka, hadi Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970. Tangu hapo tope la Nile linatua ndani ya bwawa, na mkulima ananunua mbolea. Mafuriko si mchezo, Rufiji wanajua walichokiona mwaka 2024, nyumba na mashamba yamezama. Anayeleta ndiye anayechukua.

Nikamwuliza swali la kijanja: "Mzee, jamaa akichukua udongo, mto si utaleta mwingine?"

Akacheka. "Utaleta. Wewe utakuwa umeshazikwa."

Akanionyesha upande wa Ngaka, kunakotoka makaa ya mawe yaliyonipaka vumbi. Makaa yale ni mimea ya vinamasi iliyofunikwa na matope zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Na ndani ya miamba ya bonde la Ruhuhu, ambayo zamani ilikuwa matope na mchanga wa mito, wataalamu wamepata mifupa ya Teleocrater, mnyama wa ukoo wa karibu na dinosaria. Mifupa ya kwanza iliokotwa mwaka 1933, na mnyama akatangazwa rasmi mwaka 2017. Mto unatunza kumbukumbu vizuri, ila hauna haraka.

Tofali ndiyo habari nyingine. Mfyatuaji anakwangua ule weusi wa juu na kuutupa pembeni, anachukua kahawia chote, anakiponda na maji, anakichoma. Ukishachomwa haurudi kuwa udongo wa kupanda. Linabaki dimbwi la mbu. Bei ya milioni mbili, kumbe ilikuwa bei ya kuondoka na shamba lenyewe kwenye lori, sisi tubaki na hati ya shimo.

Keshokutwa mteja akarudi na bahasha yake. Mzee akaleta kamba tuliyoipima kwa mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukapima. Zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa ndani ya kamba. Pia ardhi ya kijiji huhamishi bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Jamaa akasema, "Mbona wengine wanachimba tu?" Nikamwambia sitii sahihi.

Msomaji, usinipigie makofi. Ile kamba ilitubana hata sisi. Mzee ametuambia tusilime hadi mdomoni mwa mto, tuache matete yashike ukingo, kwa hiyo shamba limepungua. Na baba mdogo hakuwa na tamaa ya bure. Alikuwa anatafuta ada ya binti yake chuoni. Aliponiona nafukia shimo alisema neno moja tu: "Wewe unakula mjini." Lilinichoma kuliko malengelenge.

Tumeelewana hivi: yeye apande maharage na mboga kwenye ubichi, mimi nichangie ada kwa malipo ya safu hii. Saluni imeahirishwa. Ameanza kupanda, lakini simu zangu bado hapokei, anapokea bibi.

Mteja naye? Alivuka mto. Jirani wa ng'ambo alichukua bahasha siku ile ile, na nilipokuwa naondoka nilisikia koleo zinagonga. Mvua zinaanza Novemba. Mto hauulizi ukingo upi ni wa nani.

Kwa hiyo wewe uliyepigiwa simu na baba mdogo wako, kabla hujapanga vioo vya saluni, nenda na koleo. Chimba hadi kifuani, utazame unachouza. Ukishaona, uza au usiuze, hiyo juu yako.

Na ukinikuta kijiweni ukaniuliza kwetu wapi, sasa najibu: Litumbandyosi. Raba bado nyekundu. Tukutane wiki ijayo.