Likoni: Bahari Haina Neno, Nchi Kavu Ndiyo Inayotuchosha

Juma lililopita nilimpeleka shangazi yangu kliniki kisiwani. Amepita miaka sabini, magoti yanamsumbua, na anaishi Shika Adabu. Tulitoka baada ya swala ya alfajiri. Tukapanda tuktuk kutoka nyumbani hadi barabarani, kisha matatu hadi Likoni, halafu tukateremka kwa miguu mpaka kwenye feri. Tulipofika ng'ambo tukapanda mlima ule wa kutoka kivukoni, tukatafuta matatu nyingine ya kuingia mjini, na mwisho tuktuk ya kutufikisha mlangoni pa hospitali. Safari moja, vyombo vitano.

Nilikuwa nikiangalia saa. Feri tangu kung'oa hadi kufika upande wa pili haikutimiza dakika kumi. Lakini ukijumlisha kutoka tuliposhushwa na matatu ya kwanza hadi kuingia kwenye feri, na kutoka kushuka feri hadi kukaa kwenye matatu ya pili, ilikaribia saa nzima. Shangazi alisimama mara tatu kushika ukuta apumzike. Alipokaa kitini hatimaye akaniambia, "Mwanangu, bahari haina neno. Nchi kavu ndiyo inayotumaliza."

Nimelifikiri neno hilo kwa siku kadhaa, na naona limebeba kosa kubwa tunalolifanya tunapozungumza kuhusu Likoni. Kwa miaka mingi mjadala wetu umekuwa wa kuvuka maji: feri mpya, feri mbovu, daraja litakuja lini. Kidogo sana tumeuliza mtu anafikaje kwenye maji na anaondokaje. Ilhali Likoni, ukiitazama vizuri, tayari ni kituo kikubwa cha usafiri. Hapo hukutana feri, matatu za Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga, tuktuk za mitaani, boda boda, mikokoteni, na maelfu ya watu wanaotembea. Hesabu ambayo wasimamizi wa feri wamekuwa wakiitaja kwa miaka ni zaidi ya watu 300,000 na magari 6,000 kwa siku. Kituo tunacho. Tulichokosa ni mpango.

Msongamano si usumbufu tu

Wenye umri wangu hatuhitaji kukumbushwa tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri hapa Likoni likazama na mama na mtoto wake. Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakikimbilia kuvuka waende makwao walirushiwa vitoa machozi palepale kwenye foleni. Matukio haya hayafanani, lakini yote yanatufundisha jambo moja: mahali ambapo watu wengi na magari mengi hulazimika kupita kwenye mlango mmoja mwembamba, kila kosa dogo lina gharama kubwa.

Korona ndiyo iliyotuletea lile daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa kwa watembea kwa miguu mwanzoni mwa 2021 kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 1.9. Nia ilikuwa njema. Lakini daraja lile lilitoka Liwatoni likatua Ras Bofu, na ilibidi lifunguliwe kupisha meli, kwa hiyo likawa la kutumika saa za asubuhi na jioni. Aliyevuka alijikuta ametua mbali na steji aliyoizoea, kisha akaanza safari nyingine ya kuifikia matatu yake. Somo liko wazi. Njia ya kuvukia, hata iwe mpya namna gani, haimfai mtu ikiwa haikuungana na chombo kinachofuata.

Dongo Kundu imebadilisha hesabu

Kuna jambo limetokea ambalo naona hatujalipa uzito wake. Kukamilika kwa barabara ya Dongo Kundu mwaka 2024, pamoja na madaraja yake ya Mwache na Mteza, kumewapa wenye magari njia ya kwenda Pwani Kusini bila kugusa feri. Lori linalotoka Miritini kwenda Lunga Lunga halina sababu tena ya kupiga foleni Likoni. Basi la watalii la Diani pia halina.

Lakini fundi anayetoka Mtongwe kwenda kazini Mwembe Tayari hatazunguka Miritini. Wala hatazunguka mama wa mboga wa Likoni anayekwenda sokoni Kongowea, wala mwanafunzi, wala shangazi yangu. Hao watabaki na feri. Maana yake, kadiri magari yanavyopata njia nyingine, ndivyo Likoni inavyozidi kuwa mahali pa mtu anayetembea. Basi mpango wa Likoni uanze na miguu ya mtu huyo, magari yafuate.

Wapo wanaosema tungoje daraja kubwa, lile ambalo serikali yetu na Japani wamekuwa wakilizungumzia kwa miaka. Sina ugomvi na daraja. Ila tuwatazame jirani zetu wa Dar es Salaam. Aprili 2016 walifungua daraja la Kigamboni, likapewa jina la Nyerere. Je, kivuko cha Magogoni kilikufa? Hakikufa. Watu wanaendelea kuvuka hapo kwa maelfu, kwa sababu kwa anayekwenda katikati ya jiji bila gari, pantoni ndiyo njia ya mkato. Mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, na kituo chao kimoja cha mwisho kikawekwa Kivukoni, karibu na pantoni, hivyo anayeshuka hutembea kidogo tu akaingia kwenye basi la Kimara. Mwendokasi una shida zake, na watu wa Dar hawachoki kulalamikia uhaba wa mabasi na kubanana. Lakini uamuzi wa kukiweka kituo mahali miguu ya watu inapotua ulikuwa wa busara, na haukusubiri chochote.

Manahodha wengi

Kwa nini basi sisi tumeshindwa na jambo jepesi kama hilo? Wazee walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Likoni ina manahodha wasiopungua wanne. Feri ni za mashirika ya serikali kuu. Barabara ya kwenda Lunga Lunga ni ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Leseni za matatu hutoka NTSA. Steji, taa za mitaani, vibanda na taka ni kazi ya kaunti. Kila mmoja anasimamia kipande chake, na ile nafasi iliyo katikati ya vipande, hatua mia kadhaa kutoka kwenye matatu hadi kwenye feri, haina mwenyewe. Hapo ndipo shangazi yangu alipokuwa akishika ukuta.

Na si kwamba sheria imenyamaza. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya usafiri wa kaunti, na ndani yake limetaja wazi usafiri wa umma wa barabarani, maegesho, taa za barabarani, na pia feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Hoja ya nani hasa aendeshe feri ni ndefu, na ina mambo ya fedha na usalama ndani yake. Sidai kaunti ikabidhiwe feri kesho. Nadai kwamba kaunti yenye jukumu hilo kwenye Katiba haina udhuru wa kusema Likoni si yake. Ndiyo inayopaswa kuwaita wengine mezani, na iwaite pamoja na kaunti ya Kwale, kwa sababu safari nyingi zinazopita hapo huanzia au kuishia ng'ambo ya mpaka wake. Jumuiya ya Kaunti za Pwani tunayo. Hii ndiyo kazi ya kuipima.

Mpango mzuri utafanana vipi?

Kwanza, upimwe kwa hatua. Kutoka matatu hadi lango la feri ni hatua ngapi, ziko juani au kivulini, zina ngazi au mteremko ambao kiti cha magurudumu kitapita? Matatu na tuktuk zishushe karibu, na magari ya kibinafsi ndiyo yasogezwe mbali. Leo mambo yamepinduka: mwenye gari huletewa barabara hadi mlangoni, anayetembea huachiwa ukingo wa lami.

Pili, pande zote mbili zipangwe pamoja. Kupanga Likoni ukaiacha kisiwani ilivyo ni kuhamisha msongamano kwa dakika kumi.

Tatu, yawekwe yale madogo ambayo ndiyo makubwa: paa la kuzuia jua na mvua, taa zinazowaka, maji, vyoo safi, mahali pa mama kunyonyesha, na mahali pa kuswali, maana Maghrib hutukuta kwenye foleni karibu kila siku. Nauli za matatu zibandikwe ubaoni, ili mvua ikinyesha zisipande kwa mdomo wa makanga. Gharama ya haya yote haikaribii bei ya daraja.

Nne, na hili nalisema kwa uzito, wachuuzi wabaki. Kila tunaposikia neno "kituo cha kisasa" hapa Pwani, kinachofuata ni tingatinga alfajiri. Mama wa mahamri na mbaazi, muuza viazi karai, fundi wa viatu, hao ndio taa na macho ya mahali pale usiku. Anayeshuka feri saa nne ya usiku huona usalama kwa sababu kuna mtu amewasha jiko. Wapewe nafasi zao kwenye ramani tangu siku ya kwanza, kwa majina yao, kabla fundi hajachimba msingi.

Tano, ardhi. Likoni inakijua kidonda cha ardhi kuliko wengi. Kituo kizuri hupandisha thamani ya kiwanja, na thamani ikipanda hujitokeza watu wenye hati ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Kabla ya mchoro wa majengo, tuonyeshwe mchoro wa mipaka: kipi ni cha umma, kipi ni cha nani, nani anaishi hapo leo. Mpango usioanzia hapo utaishia mahakamani, au utaishia mifukoni mwa wachache huku sisi tukiendelea kutembea juani.

Wakati ni huu

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaandikwa, na kwa sheria lazima wananchi watoe maoni. Tunaijua mikutano hiyo. Huitwa kwa tangazo dogo gazetini, hufanyika siku ya kazi saa nne ya asubuhi, na wanaofika ni walewale, wakipewa soda na kutia sahihi. Halafu tunalalamika kwamba hatukuulizwa.

Safari hii twendeni. Wazee wa mitaa, akina mama wa vikundi, vijana wa boda na tuktuk, watu wenye ulemavu, madereva na makanga wao, waende wakiwa na ombi moja lililoandikwa, wasitawanyike kwa malalamiko ishirini. Na kiongozi atakayekuja kutuomba kura 2027 akiahidi daraja, tumwambie ahsante, kisha tumuombe jambo jepesi zaidi. Aje Likoni saa kumi na mbili ya asubuhi, aache gari na walinzi nyumbani, amshike mkono bibi mmoja mwenye magoti mabovu, aende naye kutoka steji hadi feri, na kutoka feri hadi matatu ya pili. Akimaliza, atuambie atafanya nini.

Shangazi ana kliniki nyingine mwezi ujao. Ameniuliza kama kuna njia nyingine ya kwenda. Nimemwambia hakuna, tutapita palepale.