Shelfu zilizopinda ghalani: Matengenezo ya bei rahisi yanavyogeuka hasara

Hifadhi ya mazao inapozungumzwa mkoani Mara, mjadala kwa kawaida huishia kwa wadudu, panya na unyevu. Lipo jambo jingine ambalo watu hulikumbuka baada ya maafa tu, nalo ni usalama wa shelfu za chuma zinazobeba mzigo ghalani.

Magunia ya nafaka mara nyingi hupangwa juu ya chaga za mbao sakafuni. Lakini kwa wauza pembejeo, wauza vipuri na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi wa Musoma, Bunda na Butiama, pango hulipwa kwa ukubwa wa chumba, hivyo njia rahisi ya kupata nafasi ni kupanda juu. Hapo ndipo shelfu huingia. Ziko zilizotengenezwa kiwandani, na ziko zilizochomelewa na fundi wa mtaani kwa vyuma vya engo. Aina zote mbili hubeba mzigo mkubwa kuliko mwenye ghala anavyodhani.

Chukua mfano wa shelfu yenye ngazi tatu, kila ngazi ikiwa na magunia 10 ya kilo 100. Hizo ni tani tatu juu ya nguzo nne, sawa na kilo 750 kwa kila nguzo endapo mzigo umegawanyika sawasawa. Sasa weka magunia ya lumbesa yenye kilo 130 badala ya yale ya kilo 100. Idadi ya magunia haijabadilika, lakini mzigo umefika karibu tani nne. Lumbesa inayompunja mkulima kwenye bei humrudia mfanyabiashara kwa njia ya nguzo zilizoelemewa.

Nguzo ya chuma hubeba uzito vizuri ikiwa imenyooka. Ni sawa na fimbo iliyosimamishwa wima: ikishapinda kidogo, uzito uleule huisukuma izidi kupinda. Chanzo huwa ni jambo dogo, kama mkokoteni uliogonga nguzo ukipakua mzigo, au mbolea iliyomwagika chini, ikavuta unyevu na kula chuma pale nguzo inapokanyaga sakafu. Kwa maghala yaliyo karibu na ziwa, kutu haihitaji mwaliko.

Nguzo moja ikishindwa, mzigo wake huhamia kwa za jirani, nazo huelemewa. Oktoba 2, 2020, katika duka kubwa mjini São Luís, Brazili, shelfu ziliporomoka moja baada ya nyingine. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wanane walijeruhiwa. Mei 2016, huko Shropshire, Uingereza, shelfu za ghala la jibini zilimfukia mwendesha forklifti kwa saa kadhaa kabla ya kuokolewa akiwa hai. Hizo ni nchi zenye wakaguzi na vifaa vya uokoaji. Kwa duka la Kiabakari au Nyamuswa, waokoaji wa kwanza ni majirani.

Kupima kabla ya kuanguka

Ukaguzi hauhitaji mtambo. Utaratibu unaotumika Ulaya kwa shelfu za kiwandani huhitaji rula ya chuma iliyonyooka yenye urefu wa mita moja. Rula huwekwa kwenye nguzo, kisha nafasi iliyopo kati yake na chuma hupimwa. Nguzo iliyopinda kuelekea upande wa boriti isizidi milimita 5. Iliyopinda kuelekea ndani au nje, kwa upande wa kina cha shelfu, isizidi milimita 3. Na vyuma vya mshazari visizidi milimita 10.

Ikizidi kipimo hicho lakini haijafika mara mbili yake, sehemu hiyo huwekewa alama ya manjano: mzigo uliopo ukitoka, mwingine usipandishwe mpaka itengenezwe. Ikizidi mara mbili, alama ni nyekundu, na mzigo hushushwa siku hiyohiyo. Shelfu za kuchomelea hazina vipimo vya kiwandani, hivyo mwenye nazo anapaswa kuwa mkali zaidi. Nguzo iliyopinda kiasi cha kuonekana kwa macho isingojewe.

Tatizo kubwa liko kwenye matengenezo. Mazoea ni kumwita fundi, akapasha moto nguzo, akainyoosha kwa nyundo na kuipaka rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kunyoosha nguzo si kuziba ufa, ni kuupaka chokaa. Chuma kilichopinda kisha kikanyooshwa hupoteza sehemu ya nguvu yake, hasa kikipashwa moto. Tiba sahihi ni kushusha mzigo, kuondoa nguzo hiyo na kuweka nyingine ya aina na unene uleule, kisha kuifunga sakafuni kwa bolti.

Nani hubeba gharama?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka achangie mfuko wa kuwalipa wanaoumia kazini. Lakini kuli anayelipwa kwa gunia, asiye na mkataba wala jina kwenye kitabu, atathibitisha vipi kwamba aliumia akiwa kazini kwa fulani? Mara nyingi ndiye aliye chini ya shelfu inapoanguka.

Mkulima naye ana lake. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilifanya karatasi ya ghala iwe mali ambayo mkulima anaweza kuitumia hata kuombea mkopo. Thamani ya karatasi hiyo inategemea mzigo ulio salama ghalani. Kwa anayehifadhi kwenye stoo ya mtu bila karatasi yoyote, gunia lililopasuka na kuchanganyika na mbolea huwa ni ugomvi usio na mwamuzi.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhi mazao, mkulima ana haki ya kuingia ghalani, kuangalia nguzo na kuuliza nani atalipa mzigo ukiharibika. Vyama vya ushirika vya msingi vifanye ukaguzi huo kabla ya msimu kufunguliwa, wakati ghala ni tupu na nguzo zinaonekana. Mfanyabiashara aandike kwa rangi kwenye kila shelfu idadi ya kilo inazoruhusiwa kubeba, na apite kuikagua kila wiki. Bei ya nguzo mpya inauma mara moja, lakini hailingani na matibabu ya kuli aliyevunjika mgongo wala fidia ya mazao ya watu.