Cha Mlevi Huliwa na Mgema

Yako maswali ambayo ubaya wake haumo katika jibu bali katika namna yalivyoulizwa. Miaka niliyokaa chuo cha ualimu nikiwafundisha vijana namna ya kufundisha hesabu, na baadaye nilipokuwa mwalimu mkuu, jambo moja sikuchoka kulirudia: katika hesabu za mafumbo mtoto hashindwi kwa sababu hajui kuzidisha, bali hushindwa kwa sababu amekimbilia kuzidisha kabla hajalisoma swali. Leo nataka tulisome swali moja ambalo watu wazima, tena wenye elimu zao, hulikimbilia vivyo hivyo. Swali lenyewe ni hili: je, katika meli za utalii, kifurushi cha vinywaji kinalipa?

Kwa msomaji ambaye hajapata kukutana na jambo hili, hapana budi nieleze kwanza. Meli hizi kubwa, ambazo nyingi huzunguka bahari ya Karibi zikitokea bandari za Marekani kama Miami na Galveston, humtoza abiria nauli ambayo ndani yake mna chumba, chakula na burudani. Pombe, soda na kahawa za mbwembwe aghalabu hazimo. Hapo abiria hupewa njia mbili. Ama alipie kila glasi anayoagiza, na deni liandikwe katika kadi ya chumba chake. Ama anunue kifurushi, yaani alipe kiasi maalumu kwa kila siku ya safari, kisha anywe pasipo kudaiwa mpaka meli irudi bandarini. Sisi vifurushi tumezoea vya simu. Hivi vya melini ni ndugu zao wa tumbo moja: unalipa kabla, na usichokitumia hadi muda kwisha hukirudishiwi.

Mimi niliyajua haya mwaka 2023, binti yetu anayeishi Houston na mumewe walipotualika mimi na mama yao tusafiri nao siku saba kutoka Galveston, kuadhimisha miaka 45 ya ndoa yetu. Majuma kadhaa kabla ya safari binti alitusomea bei za vifurushi. "Baba, chukueni tu," alisema, "mtakunywa bila mawazo." Mama yake akamwuliza, "Mimi nitakunywa nini bila mawazo, mwanangu? Chai?"

Swali la mama lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani mwenyewe. Mke wangu hajapata kuonja kileo maisha yake yote. Mimi ni mtu wa chupa moja ya bia jioni, na si kila jioni. Lakini sheria ilikuwa kwamba nikichukua kifurushi mimi, naye sharti achukue, kwa kuwa tunalala chumba kimoja. Wala sheria hiyo si ya meli moja. Kampuni kubwa za biashara hii, zikiwamo Carnival na Royal Caribbean, huwataka watu wazima wa chumba kimoja wote wanunue, kwa hofu kwamba mmoja atanunua na wawili watakunywa. Maana yake ni kwamba, katika nyumba nyingi za wazee kama sisi, asiyekunywa hugeuzwa kuwa mfadhili wa anayekunywa.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyofundishwa. Bei hutofautiana meli kwa meli na safari kwa safari, basi tuchukue mfano wa dola 70 kwa siku, na juu yake malipo ya huduma ya asilimia 18. Jumla ni dola 82.60. Kwa watu wawili, kwa siku saba, ni dola 1,156.40. Kwa walimu wastaafu wengi niwajuao, hiyo ni pensheni ya miezi kadhaa.

Tuseme chupa ya bia ni dola 8, nayo huongezwa asilimia 18 ileile. Kwa kuwa nyongeza ni moja pande zote mbili, tuiache, tugawe 70 kwa 8. Jibu ni 8.75. Kwa hiyo anayekunywa bia hana budi anywe chupa tisa kila siku ndipo aanze kupata faida, na kwa siku saba ni chupa 62. Kama ni kokteli za dola 13, ni sita kila siku. Hesabu hiyo wala haipunguziwi siku ambazo meli imetia nanga. Huwezi kununua kifurushi cha siku za baharini peke yake. Ni safari nzima au hapana. Tulipofika Cozumel, kule Mexico, tulishuka asubuhi na kurudi alasiri, na kwa waliokuwa na vifurushi saa ziliendelea kuhesabiwa.

Watu wengi huishia hapo. Hujiuliza, "Je, ninaweza kufikisha sita?" Wakiona wanaweza, hununua. Hapo ndipo swali lilipokosewa. Mtu hapaswi kuuliza ni glasi ngapi anazoweza kunywa. Anapaswa kuuliza ni ngapi angekunywa kama angelipia moja moja. Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura tu. La kwanza linapima uwezo wa tumbo, na la pili linapima haja ya mtu. Kampuni inataka sana ujiulize la kwanza.

Udhaifu huu wa binadamu umechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2006 wachumi Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier walichapisha utafiti juu ya watu wa Marekani waliolipia ada ya mwezi katika kumbi za mazoezi ya viungo. Waligundua kwamba watu hao walilipa zaidi ya dola 17 kwa kila mara waliyokwenda, ilhali wangeweza kununua tiketi za dola 10 kwa mara moja. Walikuwa wamejidhania kuwa watakwenda mara nyingi kuliko walivyokwenda. Kabla ya hapo, mwaka 1985, Hal Arkes na Catherine Blumer walionyesha upande wa pili wa sarafu: waliolipa bei kamili ya tiketi za msimu wa michezo ya kuigiza walihudhuria mara nyingi zaidi, katika nusu ya kwanza ya msimu, kuliko waliopunguziwa. Mchezo ulikuwa uleule. Kilichowasukuma ni fedha iliyokwisha kutoka mfukoni.

Ukumbi wa mazoezi ukikusukuma uende mara nyingi, umekutendea wema. Lakini je, ukisukumwa namna hiyo na baa? Mwaka 2016 waganga wakuu wa serikali nchini Uingereza walishauri mtu asizidishe vipimo 14 vya pombe kwa wiki, na kipimo kimoja ni mililita 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 330 yenye kileo cha asilimia 5 ina kipimo kimoja na sehemu mbili hivi za tatu. Gawa mwenyewe, utapata chupa nane na nusu. Yaani kiasi ambacho madaktari wale wanamwachia mtu kwa wiki nzima hakifikii kile ambacho kifurushi kinamdai kwa siku moja ili fedha yake irudi! Tena mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya lilitamka kwamba hakuna kiasi cha pombe kilicho salama kwa afya. Kampuni zenyewe zinajua kwamba mambo yanaweza kupita mpaka. Carnival imeweka kikomo cha vinywaji 15 vya kileo kwa saa 24 katika kifurushi chake. Fikiri, msomaji: kitu kinachonadiwa kuwa hakina kikomo, kikawekewa kikomo, na kikomo chenyewe ni 15.

Mezani kwetu aliketi mzee wa makamo yangu, mtu mcheshi na mwenye adabu, pamoja na mkewe. Alikuwa na penseli na kikaratasi, na kila glasi aliyopewa aliipigia mstari. Usiku wa nne, mkewe alipokwisha kuinuka kwenda kulala, alimwita mhudumu. Mkewe alipomwuliza kama bado ana kiu, alijibu, "Kiu sina, lakini leo bado nadai mawili." Kesho yake bibi huyo alimwambia mke wangu kwamba mumewe ana kisukari, na kwamba nyumbani hunywa glasi moja ya mvinyo siku ya Jumapili. Sikumcheka mzee yule, na sitaki msomaji amcheke. Alikuwa mtu mwangalifu wa mali yake. Uangalifu huohuo, uliomwezesha kuishi maisha yake yote bila deni, ndio uliotumika kumnywesha asichokitaka. Aliyelipia starehe alikuwa sasa na kazi ya kutimiza kila siku, na msimamizi wake alikuwa yeye mwenyewe.

Nawasikia watetezi wa kifurushi. Wa kwanza anasema: "Mwalimu, mimi sinunui pombe, nanunua utulivu wa moyo. Naijua gharama yangu kabla sijapanda meli." Hoja hii ina uzito, hasa kwa mtu wa pensheni. Lakini utulivu huo unapatikana kwa njia nyepesi zaidi. Jiwekee kiasi, tuseme dola 150 za vinywaji kwa safari nzima, uandike kila unachoagiza, na zikiisha useme basi. Ukishindwa kutumia zote, zilizobaki ni zako. Katika kifurushi zilizobaki ni za kampuni.

Wa pili anasema hesabu yangu imeegemea pombe tu, nikasahau kahawa, maji ya chupa na maji ya matunda. Haya, tuziingize. Kahawa mbili za dola 5, chupa mbili za maji za dola 3, na glasi ya maji ya matunda ya dola 6, jumla ni dola 22. Bado dola 48, ambazo ni bia sita. Isitoshe, katika meli nyingi maji ya kunywa, chai na kahawa ya kawaida hutolewa bila malipo. Maji hayo meli huyatengeneza kwa maji ya bahari, kwa kuyageuza mvuke au kuyasukuma katika machujio, nayo ni safi. Kumhesabia mtu faida ya maji ya chupa wakati bomba liko wazi si hesabu, ni danganya toto. Kampuni nyingi pia humruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo siku ya kwanza.

Wa tatu anasema wapo wanaofaidika kweli. Sikatai. Mtu ambaye kwake ni kawaida kunywa kokteli sita kila siku, kifurushi kitampa ushindi. Ila mtu huyo hahitaji ushauri wa mwalimu wa hesabu, anahitaji daktari.

Mgema hafanyi biashara ya hasara. Mwaka 2023 shirika la Carnival liliingiza mapato ya dola bilioni 21.6, na kati ya hizo takriban bilioni 7.5 hazikutokana na nauli, bali na matumizi mengine ya abiria, kama baa, kamari, maduka na matembezi ya bandarini. Ni zaidi ya theluthi moja. Sisemi kwamba ni wizi. Bei imeandikwa, masharti yameandikwa, na hakuna anayelazimishwa kupanda. Ninachopinga ni neno "bure" kutumiwa na mtu aliyekwisha kulipa.

Hasara nyingine haionekani katika risiti. Pale Cozumel niliwaona wenzetu wakiharakisha kurudi melini kwa sababu vinywaji "vyao" viko huko. Hawakuketi katika kibanda cha mtu wa pale, hawakumwuliza habari zake, hawakumwachia hata dola moja. Sisi tulikunywa maji ya madafu kwa mama mmoja, tukazungumza naye kwa ishara na kwa Kihispania kidogo cha mkwe wangu. Jambo hili Waswahili tusilione la mbali. Hata Unguja zipo hoteli za pwani ambazo mgeni hulipia kila kitu kabla hajafika, na muuza madafu aliye nje ya ukuta humwona mgeni huyo akipita ndani ya gari tu.

Sisi wawili, basi, hatukununua. Kwa siku saba nilikunywa bia tano, na mke wangu kahawa tatu za mbwembwe alizozipenda mno. Yote, pamoja na malipo ya huduma, hayakufika dola 70. Siku ambayo sikutaka bia, sikuinywa, na hakuna karatasi iliyonidai.

Ukialikwa nawe siku moja, msomaji, usianze kwa kuuliza bei ya kifurushi. Kumbuka wiki yako iliyopita hapo nyumbani: ulikunywa nini, mara ngapi, na ulipokunywa ulikuwa na kiu au ulikuwa na watu. Liandike jibu hilo, lipigie bei za melini, ukipenda uliongeze nusu yake kwa ajili ya sherehe. Kisha ndipo utazame bei ya kifurushi, pamoja na ya yule mnayelala chumba kimoja. Wengi wenu mtaona kwamba mgema anaweza kungoja.