UFUKO HUO SI MTUPU

Mgeni ashukaye leo katika kiwanja cha ndege cha Unguja huwa amekwisha kusikia sifa za Nungwi. Huenda huko, akakuta hoteli zimebanana, muziki usiku kucha, na mashua zikigombea abiria wa kisiwa cha Mnemba. Baada ya siku mbili tatu huanza kuulizia pwani tulivu isiyo na watu wengi, naye huelekezwa Matemwe, Pongwe, Uroa, Jambiani au Makunduchi. Hatuna ugomvi na mgeni huyo. Aliyechoka hutafuta mahali pa kupumzika, na kisiwa chetu kimejaliwa mahali pengi pa namna hiyo. Ugomvi wetu ni juu ya neno moja alitumialo bila kujua, ambalo sasa twalisikia hata katika vinywa vya wenzetu wa hapa hapa. Neno lenyewe ni "tupu". Ati ufuko ule ni mtupu.

Yafaa kwanza tujiulize kwa nini Nungwi na Kendwa zimejaa, na mashariki kumebaki kimya. Sababu kubwa ni bahari yenyewe. Huko kaskazini maji hayaendi mbali yanapokupwa, na mtu aweza kuogelea karibu saa zote. Upande wa mashariki mambo ni mengine. Maji yakitoka hurudi nyuma mpaka kwenye mwamba, na mahali pengine ni mwendo wa kilomita nzima au zaidi, yakiacha nyuma yake mchanga, majani ya bahari na vidimbwi. Mpenda kuogelea huona hasara tupu. Mwenyeji huona kiwanda chake kimefunguliwa milango. Wala wahenga wetu hawakukosea walipopaita mahali hapo pwani, kwa kuwa jina hilo latokana na kupwa kwa maji.

Kiwanda hicho kina saa zake za kazi, nazo hazikuandikwa mlangoni. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Siku hizo maji ya Unguja hujaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Wakati huo ufuko wa Jambiani una watu kama soko. Huyu anafunga mwani kwenye kamba, yule anachimbua chaza na kombe, mwingine anatafuta pweza katika mapango ya mwamba, na bibi mmoja anafukua makumbi ya nazi aliyoyazika miezi mingi, apate kuyapiga na kusokota kamba. Juma moja likipita, huja maji mafu. Saa zile zile za asubuhi bahari imejaa, vigingi havionekani, na watu wamo majumbani au mashambani kwa shughuli nyingine. Basi afisa ajaye na ramani yake siku hiyo, akasimama chini ya mnazi na kutazama kulia na kushoto, ataandika kwa moyo safi kabisa kwamba hakuona mtu. Hakusema uongo. Alikuja siku ya mapumziko.

Na yako matumizi ambayo hata bamvua haliyaonyeshi. Wavuvi wetu hupiga dago. Hufuata samaki kwa majira, wakajenga vibanda vya makuti katika fuko fulani wakati wa kaskazi, kisha wakahama pepo za kusi zinapoanza kuvuma. Ufuko huo hubaki kimya miezi kadhaa, lakini una wenyewe, kama lilivyo shamba lililolazwa lipumue.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mnamo mwaka 1989. Walioshika kazi hiyo, wengi wao, ni wanawake, na kwa wengi zilikuwa fedha za kwanza walizozishika kwa mikono yao wenyewe. Ni kazi ngumu: kuinama majini kwa saa nyingi, kubeba magunia yaliyolowa, kuanika, na mwishowe kukubali bei iliyopangwa na wanunuzi wachache. Sasa imezidi ugumu. Mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali, na joto hilo limekuwa likiongezeka. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wamewashauri wakulima wasogee kwenye maji marefu zaidi. Ushauri ni mwema. Lakini maji marefu yataka mashua, mashua yataka diko, na mwani uliovunwa wataka mahali pa kuanikwa. Yaani mwanamke huyu anahitaji ardhi ya ufukoni zaidi ya jana, na ndio wakati huo huo ufuko wake unapoitwa mtupu. Huko Paje amekwisha kuona wachezaji wanaovutwa na tiara wakipita juu ya kamba zake.

Wapo watakaotujibu kwamba hoteli huleta kazi. Twakubali, na wasomaji wetu wengi ni wapishi, madereva na wahudumu wa hoteli hizo. Hatuombi zifungwe. Ila mfanyakazi wa hoteli anajua kwamba masika yakiingia hoteli nyingi hupunguza watu, na hakusahau mwaka 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha ndege na vyumba vikabaki vitupu. Siku zile alirudi nyumbani kwa mama yake, na mama alikuwa bado na bahari. Mshahara wa mtoto na kamba ya mama hutegemea ufuko mmoja. Atakayeukata vipande viwili amewapunguzia wote wawili.

Sheria haina kigugumizi. Kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais kwa manufaa ya wananchi. Anayejenga hoteli amekodishwa, hakuuziwa. Bara nako, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataja mita 60 kutoka ukingo wa bahari kuwa eneo la kulindwa. Mwenye nchi, basi, anajulikana. Kinachokosekana ni macho ya kuona kazi yake.

Kwa hiyo twadai haya. Ufuko wowote usigawiwe kabla haujatazamwa siku za bamvua na siku za maji mafu, majira ya kaskazi na majira ya kusi. Sheha aende pamoja na wakulima wa mwani na manahodha, si peke yake. Njia za kushukia pwani, diko, mahali pa kuanikia mwani na mahali pa kupigia dago viandikwe katika mkataba wenyewe na kuwekewa alama katika ramani, kabla mwekezaji hajaweka jiwe la kwanza. Na mkataba huo usomwe kwa sauti mbele ya kijiji, kwa Kiswahili.