Hesabu Zisomwe Hadharani

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Huko Rajasthan, nchini India, wakulima na vibarua waliunda chama chao mwaka 1990. Kinaitwa MKSS. Kinaendeshwa kwa michango ya watu, si kwa fedha za serikali.

Mwaka 1994 chama kiliitisha mikutano ya hadhara. Orodha za malipo ya vibarua zikasomwa kwa sauti. Watu wakasikia majina ya marehemu. Eti nao wamelipwa! Madai ya chama yalisaidia kuleta sheria ya haki ya kupata habari, mwaka 2005.

Mkaguzi akilishwa na mwizi, hatamtaja mwizi. Basi tuchange wenyewe, hata kidogo.

Nawe sasa unajua kusoma. Omba daftari la hesabu za kijiji. Lisome mbele ya wenzako.