Kina dada, brashi ya macho si ya kupokezana

Ukipita katika saluni za mijini Jumamosi asubuhi, hasa msimu wa harusi, utamkuta bibi arusi na wapambe wake sita au saba wakingoja zamu mbele ya kioo. Mrembeshaji ana kisanduku kimoja cha rangi za macho na brashi moja. Akimaliza kope za huyu, huifuta brashi kwa tishu, au huipuliza tu kwa mdomo, kisha humrukia mwingine. Hakuna anayenung'unika. Wasichana hao hao wangeambiwa watumie mswaki mmoja, wangetoka mbio.

Kwa maoni yangu, kina dada wengi humu mijini hutumia pesa zao mahali pasipofaa. Mtu yu radhi kununua rangi ya bei ghali kutoka ng'ambo, lakini huipaka kwa kile kijiti cha sifongo kilichokuja bure ndani ya kisanduku, na hukitumia mwaka mzima bila kukiosha. Rangi hukaa tu juu ya ngozi. Brashi ndiyo inayoisugua, nayo ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi yoyote nyingine ya mwili, haifiki hata milimita moja.

Brashi iliyotumika hubeba mafuta ya ngozi, jasho, machozi na vijidudu. Bakteria wakipata njia, huleta chokea au uvimbe kwenye kingo za kope. Virusi vya adeno, ambavyo aghalabu husababisha ugonjwa wa macho mekundu, vinaweza kudumu siku nyingi juu ya kitu kikavu. Mapema mwaka wa 2024 ugonjwa huo ulivuma Dar es Salaam, kisha ukafika Mombasa na sehemu nyingine za Pwani. Sisemi uliletwa na vipodozi, kwani mkono mchafu ulitosha kuueneza. Lakini brashi inayotoka jicho hadi jicho ina tofauti gani na mkono huo?

Katika miaka ya 1990, hofu ya Ukimwi ilitufundisha kumwuliza kinyozi kuhusu wembe wake. Hakuna aliyeonekana mjeuri kwa kuuliza. Ajabu ni kuwa mwanamke yule yule anayemwandama kinyozi wa mwanawe huona haya kumwuliza mrembeshaji brashi imeoshwa lini. Na maafisa wa afya wa kaunti wanaokagua jikoni za hoteli wangefaa kufungua pia mikoba ya warembeshaji.

Dawa iliyo rahisi ni kuwa na brashi zako mwenyewe. Huhitaji ile seti ya brashi 12 inayoning'inizwa madukani Dubois Road, Nairobi. Tatu zinatosha: moja bapa ya kupakia rangi, moja laini ya mviringo ya kuisambaza, na moja ndogo yenye ncha ya kupitisha karibu na nywele za kope.

Utaijuaje iliyo nzuri? Kuna mji uitwao Kumano, katika mkoa wa Hiroshima, Japani, unaosifika kwa kazi hii. Huko mafundi hawakati ncha za nywele kwa mkasi ili kupata umbo. Huzipanga nywele zenyewe hadi umbo litokee, ncha zikabaki nyembamba kama zilivyoota. Serikali ya Japani ilipoituza timu ya taifa ya soka ya wanawake baada ya kutwaa Kombe la Dunia mwaka wa 2011, wachezaji walipewa brashi za Kumano. Si lazima ununue hizo, bei yake itakutoa jasho. Jifunze kanuni tu: brashi ikikuchoma unapoipitisha ndani ya kifundo cha mkono, itakwaruza kope. Vuta nywele zake polepole. Zikitoka mbili tatu, irudishe. Pete ya chuma inayoshika nywele isicheze.

Muuzaji atakuambia hii ni ya nywele za ngamia. Usibabaike, kwani brashi za jina hilo hutengenezwa kwa nywele za wanyama wengine kama kindi, mbuzi au farasi. Manyoya ya mbuzi hushika poda vizuri. Lakini mimi ningemshauri mwenye mfuko wa kawaida achukue nailoni laini, maana huosheka upesi na hukauka upesi, na hufaa hata kwa rangi za mafuta.

Ioshe kila baada ya siku 7 hadi 10 kwa maji ya vuguvugu na shampuu ya watoto. Nywele zielekee chini, maji yasiingie kwenye pete na kuyeyusha gundi. Ikamue kwa taulo safi, uilaze ukingoni mwa meza ipate hewa. Usiitie kikombeni ikiwa imesimama na maji.

Unapopaka, gusa brashi kwenye rangi, kung'uta, kisha paka nje ya mstari wa nywele za kope, wala si ndani, palipo na vijitundu vya mafuta yanayolinda jicho. Rangi zenye chembe za kumetameta nazionea shaka, kwa sababu chembe moja ikidondokea jichoni huweza kukwaruza konea. Anayevaa lenzi azivae kabla ya kujipamba.

Jicho likiwa jekundu, acha vipodozi vyote mpaka lipone, utupe maskara na sifongo ulizokuwa ukitumia, na uoshe brashi zote. Likiuma sana, likichukia mwanga au ukianza kuona ukungu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Usikimbilie dawa ya matone dukani, kwani zile zenye steroidi huweza kuzidisha baadhi ya magonjwa ya macho.